Jani Moja, Dawa Mbili: Kuujua Mshubiri Kabla ya Kuutumia

Kata jani nene la mshubiri kwenye kitako chake, ulisimamishe juu ya bakuli, uliache kidogo. Utaona majimaji ya manjano yakichuruzika kutoka ukingoni mwa mkato, karibu kabisa na ganda, na kadiri yanavyopigwa na hewa yanageuka hudhurungi. Katikati ya mkato huohuo pana kitu kingine: ute mzito, mwangavu, usio na rangi na karibu hauna ladha. Vitu hivi viwili vimetenganishwa na milimita chache tu, lakini mwilini hufanya kazi zisizofanana kabisa. Ute hutuliza ngozi iliyoungua au iliyokauka. Majimaji ya manjano ni haluli kali, yaani dawa ya kuharisha; yanakoroga matumbo, na yakizidi yanadhuru figo.

Karibu mkanganyiko wote unaosikika Mombasa kuhusu mmea huu unaanzia hapo. Mmoja atakwambia alovera ilimsaidia mwanawe aliporukiwa na mafuta ya moto, mwingine kwamba alijipaka usoni akashinda akijikuna, wa tatu kwamba shangazi yake aliinywa akaharisha hadi akapelekwa hospitali. Wote watatu huenda wanasema kweli. Swali ni sehemu gani ya jani iliyotumika, ilisafishwa vipi, na kwa maradhi gani.

Yaliyomo ndani ya jani

Ganda la kijani ndilo linalotengeneza chakula cha mmea. Chini yake mara moja kuna vijimirija vinavyopitisha maji na chakula, na kandokando ya vijimirija hivyo zimepangika chembe zilizojaa utomvu wa manjano. Utomvu huu ndio silaha ya mmea: mnyama akiuma jani, uchungu unamfukuza. Ndani zaidi ndiko kuna ute, ambao zaidi ya sehemu 98 katika kila 100 ni maji matupu. Kilichobaki ni sukari zilizoungana minyororo mirefu, madini kidogo na vimeng'enya. Mnyororo unaotajwa sana na watafiti huitwa asemanani, nao ndio unaoupa ute utelezi wake na uwezo wa kushikilia maji juu ya ngozi.

Mshubiri unaopandwa zaidi duniani, Aloe vera kwa jina la kitaalamu (vibandiko vya dukani mara nyingi huandika Aloe barbadensis, na ni mmea uleule), asili yake ni Rasi ya Arabuni. Ndugu yake wa kisiwa cha Sokotra, Aloe perryi, ndiye aliyetoa shubiri kavu iliyosafirishwa kwa karne nyingi katika biashara ya Bahari ya Hindi. Kilichouzwa hakikuwa ute. Kilikuwa utomvu wa manjano uliokaushwa ukawa mabonge meusi yenye kung'aa, na walioununua walijua wanachokinunua: dawa ya kuendesha tumbo. Usemi wa Waswahili kwamba kitu ni kichungu kama shubiri unausema utomvu huo. Umaarufu wa ute peke yake ulishika kasi huko Magharibi baada ya madaktari wa Marekani kuripoti mwaka 1935 kwamba ngozi iliyoharibiwa na miale ya eksirei ilitulia kwa jani bichi la mshubiri.

Utomvu wa manjano: haluli inayodai heshima

Ndani ya utomvu kuna kemikali iitwayo aloini. Ukiimeza haifanyi lolote la maana tumboni wala kwenye utumbo mwembamba. Hupita hadi utumbo mpana, na huko bakteria wanaoishi ndani yake huivunja ikawa kitu kinachochokoza kuta za utumbo, kikauharakisha mwendo wake na kuzuia maji yasirudi mwilini. Ndiyo sababu mtu akimeza shubiri usiku, jibu hulipata asubuhi, baada ya muda wa saa 8 hadi 12, pamoja na msokoto wa tumbo.

Kwa hiyo ni kweli kwamba shubiri hufungua choo. Tatizo ni kwamba kipimo chake ni kidogo mno na jani halina alama ya kipimo. Vitabu vya dawa viliweka kiasi cha miligramu 50 hadi 200 za utomvu mkavu, kwa siku chache tu. Gramu moja kwa siku, kiasi ambacho hakijazi hata kijiko cha chai, ikinywewa siku kadhaa mfululizo inaweza kuharibu figo na hata kuua. Na majani hayafanani: aina ya mshubiri, umri wake na msimu hubadilisha wingi wa utomvu. Anayepima kwa macho jikoni hana njia ya kujua ameweka miligramu ngapi kwenye glasi. Ndiyo maana hatuwashauri watu waifanye haluli ya nyumbani, hata kama bibi zetu waliitumia wakapona. Dukani kuna dawa za kulainisha choo zenye kipimo kinachojulikana, na papai bivu, maji ya kutosha na kunde huwatosha wengi kabla ya kufika huko.

Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa haluli za shubiri katika orodha ya dawa zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama wake. Kisha ukaja uchunguzi wa miaka 2 kwa panya wakubwa walionyweshwa maji yenye dondoo ya jani zima lisiloondolewa utomvu: walipata uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana. Kutokana na hayo, mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka dondoo ya jani zima katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Soma vizuri hapo. Kilichowekwa katika kundi hilo ni dondoo ya jani zima la kunywa, ganda na utomvu vikiwemo. Ute uliosafishwa ukapakwa kwenye ngozi si habari hiyo.

Madhara ya karibu zaidi ni kupoteza maji na potasiamu, madini ambayo moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila hayo. Katika joto letu la Februari, mtu anayetoka jasho mchana kutwa na kuharisha juu yake hupungukiwa upesi: miguu inaishiwa nguvu, misuli inakaza, mapigo ya moyo yanakwenda kombo. Hatari inaongezeka kwa anayetumia dawa za presha za kumkojoza mtu, kama frusemaidi au haidroklorothayazaidi, kwa sababu nazo zinatoa potasiamu. Na kwa mgonjwa wa moyo anayemeza digoksini ni hatari kubwa zaidi, kwani potasiamu ikishuka dawa hiyo hugeuka sumu. Mwenye sukari anayetumia metformini, glibenklamaidi au insulini anaweza kushukiwa na sukari kupita kiasi akichanganya na mshubiri wa kunywa. Mjamzito asiinywe kabisa, maana mchokozo wa utumbo unaweza kuamsha mikazo ya mji wa mimba. Anayenyonyesha, mtoto aliye chini ya miaka 12, mwenye maradhi ya figo na mwenye kuvimba utumbo nao waiache. Anayesubiri upasuaji aache angalau wiki 2 kabla, na amweleze daktari kuwa alikuwa akiinywa.

Hapa lazima tuseme neno kuhusu desturi ya kupaka shubiri kwenye chuchu ili kumwachisha mtoto ziwa. Inafanya kazi kwa uchungu, hilo halina ubishi. Lakini mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayejaribu kunyonya mara tatu nne analamba aloini ileile inayomharisha mtu mzima, na mwili wake mdogo hauna akiba ya maji ya kupoteza. Kupunguza zamu moja ya kunyonya kila baada ya siku kadhaa, ukianza na ya mchana na kumalizia na ya kulalia, huchukua wiki chache zaidi na hakumweki mtoto hatarini. Mama aliyekwisha kupaka, mtoto akaanza kuharisha, ampe maji ya chumvichumvi ya pakiti yanayotolewa zahanati, na asingoje kesho kama mtoto amelegea au hakojoi.

Kutenga ute na utomvu

Kazi hii wengi huifanya kwa haraka, nayo ndiyo asili ya karibu kila mwasho unaolaumiwa mshubiri.

Chagua jani la nje kabisa, la chini, lililonenepa, la mmea uliofikisha miaka 3 hivi. Majani ya katikati ni machanga: ute wake ni haba, na ukiyakata unaudhoofisha mmea. Kata kwa kisu kikali mahali jani linapoungana na shina, usilivunje kwa mkono, maana likichanika kwa juu uchafu huingia kwenye ute. Lisimamishe wima ndani ya glasi au bakuli, upande uliokatwa ukiwa chini, kwa dakika 20 hadi 30. Utomvu utashuka wenyewe. Usilikamue, ukilikamua unausukuma utomvu uingie kwenye ute. Rangi ile ya manjano haitoki kwenye nguo, basi weka chombo ambacho hukionei uchungu.

Baada ya hapo osha jani lote kwa maji safi. Liweke bapa juu ya kibao. Kata kitako kiasi cha sentimita 3 na ncha kiasi cha sentimita 6 uvitupe, kwa kuwa sehemu hizo zina utomvu mwingi. Ondoa miiba ya pande zote mbili kwa kukata ukanda mwembamba toka juu hadi chini. Kisha pitisha kisu chini ya ganda la juu, ugeuze, ufanye hivyo upande wa pili. Wengi hapa hubana kwa kuogopa kupoteza ute, wakakata ganda jembamba mno, na zile chembe za manjano zikabaki zimeshikamana na ute. Kata nene kidogo, milimita 3 au 4. Ukiona mistari ya kijani au manjano juu ya ute, ikwangue.

Suuza kipande cha ute chini ya maji mpaka kiache kutoa povu la manjano, au kiloweke dakika 10 na ubadilishe maji mara mbili. Mwisho onja kwa ncha ya ulimi. Ute safi ladha yake ni kama tango lililopoa, pengine na ukakasi kidogo. Ukihisi uchungu wa kukunja uso, utomvu bado umo. Rudia kuosha au utupe.

Jani zima kulitia katika blenda na ganda lake, kama inavyoonyeshwa kwenye video nyingi za simu, ni kuchanganya kwa makusudi vitu ambavyo ulipaswa kuvitenga.

Ute ulio wazi huanza kugeuka rangi ya waridi au hudhurungi ndani ya saa chache na nguvu yake kupungua. Katika jikoni la Mombasa, lenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa baharini, usiuache nje zaidi ya saa mbili. Ndani ya friji, kwenye chupa iliyofungwa, unakaa siku 5 hadi 7. Njia bora ni kuugandisha katika trei ya barafu, kila kishimo kijiko kikubwa kimoja, ukatoa kipande kimoja kimoja unapohitaji. Hivyo hudumu miezi kadhaa. Kuuchemsha ili udumu hakufai, kwa kuwa moto wa muda mrefu unaikatakata minyororo ya asemanani ukabaki na maji yasiyo na utelezi.

Kabla ya kuupaka mahali papana, paka kidogo upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, ungoje siku nzima. Wenye mzio wa vitunguu na thomu wawe waangalifu zaidi.

Kuungua: pale ute unapostahili sifa

Hapa ndipo ushahidi una uzito, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika pia. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2007, uliojumlisha majaribio 4, ulikuta vidonda vya moto visivyo na kina vilivyopakwa mshubiri vilipona wastani wa takriban siku 9 mapema kuliko vilivyotunzwa bila huo. Majaribio hayo yalikuwa madogo na hayakufanana, kwa hiyo tarakimu hiyo isichukuliwe kama ahadi, lakini mwelekeo wake unaeleweka: ute unalowanisha ngozi, unapunguza uvimbe na kutuliza maumivu.

Mafuta ya mahamri yakikurukia mkononi, kitu cha kwanza si mshubiri. Ni maji. Weka mkono chini ya maji ya mfereji yanayotiririka kwa dakika 20 kamili. Mfereji ukiwa umekauka, kama inavyotokea mjini kwetu mara nyingi, chota kwenye ndoo kwa kikombe na umwagie taratibu muda huohuo. Barafu hapana, inaongeza jeraha. Vua pete na bangili kabla kidole hakijavimba. Dawa ya meno, yai, unga wa ngano, samli na kahawa, vyote hivi hushikilia joto ndani ya ngozi au kuleta vijidudu, na daktari atalazimika kuvisugua avitoe, jambo linalouma kuliko kuungua kwenyewe.

Maji yakishafanya kazi yake, tazama. Ngozi nyekundu, kavu, inayouma bila lengelenge: hapo paka ute baridi, tabaka jembamba, mara 3 au 4 kwa siku, uache ukauke wenyewe. Malengelenge madogo yasiyopasuka unaweza kuyapaka juu yake na kuyafunika kwa kitambaa safi kisichonata, lakini usiyatoboe. Lengelenge lililopasuka usilitie ute uliotengeneza nyumbani. Kibao chako, kisu chako na jani lenyewe havikutakaswa, na kidonda kilicho wazi ni mlango.

Hospitali, bila kujaribu mshubiri kwanza, kwa haya: eneo lililoungua likizidi kiganja cha mgonjwa mwenyewe, uso, viganja, nyayo, sehemu za siri au kiungo, ngozi iliyogeuka nyeupe au nyeusi na haiumi, kuungua kwa umeme au kemikali, na mtoto mchanga, hata akiwa ameungua kidogo. Hospitali Kuu ya Pwani ni ya rufaa kwa eneo letu, lakini kituo chochote cha afya kilicho karibu kitaanza matibabu na kuangalia kama mtu anahitaji sindano ya pepopunda.

Vidonda vyenye kina ni mambo mengine kabisa. Mwaka 1991 madaktari walifuatilia akina mama ambao vidonda vyao vya kupasuliwa tumbo vilikuwa vimefunguka. Waliotunzwa kwa njia ya kawaida walipona kwa wastani wa siku 53. Waliopakwa jeli ya mshubiri, siku 83. Kwa hivyo aliyejifungua kwa upasuaji asipakwe mshubiri kwenye mshono, hata kama aliyemletea ana nia njema. Kidonda cha mguu cha mwenye sukari vilevile, kipelekwe kliniki.

Ngozi, kinywa na nywele

Ugonjwa wa soriasisi, unaoleta mabaka yenye magamba, una historia ya kufundisha. Jaribio la mwaka 1996 lilitumia krimu yenye mshubiri nusu asilimia tu na wagonjwa zaidi ya 8 katika 10 walipona. Wadenmaki walipojaribu mwaka 2005, mshubiri haukuishinda hata krimu tupu. Anayeuza atakuonyesha jaribio la kwanza peke yake. Kwa maradhi hayo, ukurutu na chunusi, ute waweza kupunguza ukavu na mwasho. Usiutarajie kuondoa ugonjwa.

Kinywani hali ni nzuri zaidi. Kuna ugonjwa unaoleta mistari myeupe na vidonda ndani ya mashavu, na jeli ya mshubiri ilionyesha nafuu kubwa katika majaribio kadhaa. Jua likikuunguza ufukweni Nyali, ute baridi utakupoza, ila wekundu wenyewe hauondoki haraka zaidi kwa ajili yake.

Nywele hazioteshwi na mshubiri. Tunalisema wazi kwa kuwa vichupa vingi vinauzwa kwa ahadi hiyo. Unachofanya ni kuzilainisha, kuzifungua mafundo na kupunguza mba unaotokana na ngozi ya kichwa kuwaka. Kwa kichwa kimoja chenye nywele za mabegani chukua vijiko vikubwa 4 vya ute uliosagwa na kuchujwa, uchanganye na vijiko 2 vya mafuta ya nazi, upake kwenye nywele zilizolowa, ukae dakika 20 hadi 30, uoshe. Tengeneza kiasi cha siku hiyo tu. Ute ni maji yenye sukari, na mchanganyiko huo ukiwekwa bafuni huota ukungu kabla hujauona. Kichwa kikiwasha wakati wa kupaka, basi utomvu haukutoka wote. Osha mara moja.

Kunywa, na dawa za kila kitu

Ute uliooshwa vizuri, kijiko kikubwa kimoja au viwili katika sharubati, hauwadhuru watu wengi wazima wenye afya. Kuna majaribio madogo yenye matumaini kwa kiungulia na kwa sukari inayoanza kupanda, na kuna mengine yasiyoonyesha kitu. Pia yapo matukio machache ya ini kuvimba kwa watu walioinywa mfululizo, likatulia walipoacha. Macho yakigeuka manjano au mkojo kuwa mweusi, acha na upimwe.

Majani yaliyochemshwa kwa ajili ya malaria yana shida ya kipekee. Ukichemsha jani zima unauhamishia utomvu wote kwenye maji na kuuharibu ute. Unachokunywa ni haluli. Mgonjwa wa malaria tayari anatapika na kutoka jasho; ukimharisha unamwongezea. Uchungu huwafanya watu waamini dawa ina nguvu, pengine kwa kuwa kwinini nayo ilikuwa chungu, lakini uchungu hauui vimelea. Kipimo cha tone la damu huchukua dakika chache, na dawa ya mseto ya AL ndiyo tiba. Saratani na virusi vya UKIMWI navyo havitibiwi na mshubiri, na hakuna mtu anayepaswa kuacha ARV zake kwa ajili ya chupa ya sharubati.

Ukinunua jeli dukani, soma orodha ya viungo: huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Jina la Aloe likija mwisho, baada ya manukato na rangi, unanunua maji yaliyogandishwa. Jeli ya kijani kibichi imetiwa rangi. Yenye spiriti huchoma ngozi iliyoungua. Mwaka 2016 huko Marekani maabara ilipima jeli za maduka makubwa zilizoandikwa mshubiri na kukuta baadhi hazina dalili yoyote ya mmea huo. Kwa ya kunywa, tafuta maneno yanayoonyesha kuwa ni ute wa ndani pekee na kwamba aloini iko chini ya sehemu 10 kwa milioni, kiwango kinachofuatwa na watengenezaji waangalifu, pamoja na alama ya Shirika la Viwango la Kenya.

Je, ulionao ni mshubiri kweli?

Mkonge hupandwa kwenye bustani nyingi mjini, na mashamba yake makubwa yako Vipingo. Watu huukata wakidhani ni alovera, wakajipaka, wakatoka vipele na malengelenge. Utautambua hivi: jani la mkonge ukilivunja linatoa nyuzi ngumu na ncha yake ina mwiba mweusi mkali, jani la mshubiri hukatika kirahisi, na miiba yake ya pembeni haitishi.

Kenya ina aina nyingi za mishubiri ya porini, nyingine zikiwa za Pwani hasa, kama Aloe kilifiensis na Aloe rabaiensis. Aloe vera ya kweli ina majani ya kijivu-kijani yaliyosimama, haina shina refu, huzaa vitoto vingi pembeni na maua yake ni ya manjano. Ukiona maua mekundu, ni aina nyingine. Iliyo ya kuogopwa ni Aloe ballyi ya upande wa Taita, yenye shina moja refu linalopita kimo cha mtu na harufu ya panya. Ina sumu ya kuua. Kwa sababu hiyo, bonge la shubiri au chupa ambayo muuzaji hawezi kueleza imetoka mmea gani, iache.

Kuna na sheria. Amri ya rais ya mwaka 1986 ilipiga marufuku kuvuna mishubiri ya porini, kisha kanuni za mwaka 2007 zikaruhusu biashara kwa leseni chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini nao unazisimamia aina zote isipokuwa Aloe vera. Kuing'oa porini Kinango au Ganze kwa gunia ni kosa, na pia ni hasara, maana baadhi ya aina hizo hazipatikani kwingine duniani.

Kuupanda

Panda wako. Unahitaji jua la saa 6 kwa siku na udongo usiotuama maji. Mchanga na changarawe za matumbawe zinaupendeza. Katika kopo lililotobolewa chini changanya mafungu 2 ya mchanga mkubwa, fungu 1 la udongo na fungu 1 la samadi iliyooza. Ng'oa kitoto chenye urefu wa sentimita 10 hadi 15 pamoja na mizizi yake, ukianike kivulini siku 2 hadi 4 ili jeraha likauke, kisha kipande, na usikimwagilie mpaka wiki ipite. Jani pekee ukilichomeka haliotesi mizizi, linaoza. Mashambani acha sentimita 60 kati ya mche na mche.

Kinachoua mishubiri Mombasa ni mvua ya masika, wala si kiu. Kuanzia Aprili sogeza makopo chini ya ukingo wa paa na uache kabisa kumwagilia. Wakati wa kaskazi mwagilia kila siku 10 hadi 14, udongo ukiwa umekauka hadi kidole kinapofika. Jani likilegea na kuwa na maji chini, lenye harufu ya uozo, mizizi imeanza kuoza: ng'oa, kata sehemu nyeusi yote, uanike siku tatu, upande upya kwenye mchanga mkavu. Jani likigeuka jekundu-kahawia katika jua kali la Januari si ugonjwa; lipatie kivuli cha mchana litarudi. Vuna majani 2 au 3 kwa mara moja, mara 3 au 4 kwa mwaka, na uache angalau 8 juu ya mmea.